Na Maji, Itajichotea?

Mashine ya kuosha vyombo iliingia kwetu Kitengela kwa mlango wa nyuma, imelazwa juu ya mkokoteni na kufunikwa blanketi kama mgonjwa anayekimbizwa hospitali. Niliinunua kwa watu waliokuwa wakihama nchi. Mama, aliyekuwa ametutembelea kutoka Machakos, aliizunguka mara mbili, akafungua mlango wake, akachungulia ndani, kisha akauliza, "Na maji, itajichotea?"

Tulicheka sana. Mke wangu alicheka hadi akaketi.

Sasa, kaunti yetu imepewa jina la mto. Jina Kajiado limetokana na Olkejuado, yaani mto mrefu kwa Kimaasai. Urefu wake haujafika langoni kwangu. Tena kuna bomba la Nolturesh, linaloyatoa maji kwenye chemchemi za chini ya Kilimanjaro upande wa Loitokitok, likakatiza kaunti hii hadi Machakos. Maji yanatupita yakienda kumsalimia Mama. Sisi wa mtaani huku hununua kwa bauza, lita 10,000 kwa safari, kutoka kisima kirefu cha mtu fulani, na dereva huja saa anayotaka yeye. Akipiga honi mara mbili bila kufunguliwa, jirani ndiye anayeoga wiki hiyo.

Jumamosi, baada ya fundi kuunga mabomba na kwenda zake, nilibonyeza kitufe mbele ya familia nzima. Mashine ikanguruma kidogo, ikanyamaza, kisha ikawasha kitaa chenye picha ya mfereji.

"Inasema nini, Baba Mwende?"

"Inasema imeona mfereji," nilijibu, kwa uhakika wa mtu ambaye hajafungua kitabu cha maelezo.

Nilijaribu tena mara tatu. Nikapanda kwenye tanki: limejaa. Nikakagua koki ya ukutani: imefunguliwa. Nikaivuta mashine, nikakuta mpira wa maji umejikunja nyuma yake kama nyoka aliyekanyagwa. Nikaunyoosha kwa furaha ya daktari bingwa. Kitaa kikawaka vilevile.

Ndipo nikasoma kitabu. Mashine yangu, kumbe, haitosheki na maji tu. Inataka yaje na presha ya bar 0.5 kwenda juu. Kila mita 10 za kimo cha maji huzaa takriban bar 1, na tanki langu limekaa juu ya mnara wa chuma wa mita 3. Piga hesabu. Maji yanayotosha kunyunyizia mtu kichwani, ikiwa hana haraka, kwa mashine ni tetesi tu kwamba maji yapo. Presha iliyokuwepo nyumbani siku hiyo ilikuwa yangu.

Mtu mwenye busara angesubiri fundi. Mimi niliamua kuisaidia. Nilifungua mlango nikaimiminia maji kwa sufuria, na nilipoona inayapokea vizuri nikaleta mtungi mzima wa lita 20. Mashine ya namna hii hutumia lita 10 hadi 15 kwa kazi yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, tena kwa mafungu. Mimi niliilisha chakula cha siku mbili kwa mkupuo. Maji yakafurika mlangoni, yakaingia sakafuni mwake, na ghafla ikaanza kuyasukuma nje kwa kelele isiyokatika. Nilibonyeza kitufe cha kuizima. Haikunitambua.

"Inatapika," Mama alisema kutoka sebuleni, bila kuondoa macho kwenye televisheni. "Mpe nafasi."

Fundi alirudi Jumatatu. "Mkubwa, nani alilisha hii kitu?" Hakuna aliyejibu, lakini wote walinitazama. Akaeleza kwamba chini kabisa kuna trei yenye kiboya. Trei ikipata maji kiboya huinuka, na mashine huamini nyumba inazama. Aliilaza ubavu kama ndama wa kuchanjwa, yakatoka maji ya kujaza karai. Akafunga pampu ndogo ya kuongeza presha. Tukawasha. Mfereji huo ukawaka!

Safari hii aliufungua mpira pale unapoungana na mashine, akachomoa kichujio kidogo kama kifuniko cha soda. Kilikuwa na mchanga, kutu, na kipande cha ule utepe mweupe wa kufungia mabomba, ambao yeye mwenyewe aliutumia Jumamosi. Aliutazama kana kwamba hawajawahi kukutana. "Hawa mafundi wengine," alisema, akautia mfukoni.

Ikafanya kazi. Naapa ikafanya kazi! Ila glasi zilitoka zimepakwa chokaa, na kitaa kingine kikawaka kudai chumvi. Hapo Mama alikasirika. Maji ya bauza letu yenyewe yana chumvi ya kuungia maharagwe, birika limeota ukoko hadi limekuwa zito, na bado kuna mashine inayolalamika chumvi imepungua? Nilijaribu kumweleza kwamba chumvi hiyo haigusi vyombo, kwamba husafisha kile kifaa kinachonasa ukoko kwenye maji. Nilijieleza vizuri. Hakuna aliyenisikiliza, na chumvi yenyewe niliitafuta hadi Nairobi.

Josephine Cochrane, Mmarekani aliyepewa hataza ya mashine kama hii tarehe 28 Desemba 1886, inasemekana alichoshwa na watumishi waliokuwa wakimvunjia sahani za thamani. Sahani zangu ni za plastiki, isipokuwa nne.

Kabla ya kuondoka, Mama aliuchomoa mpira wa maji machafu, akautia ndani ya ndoo, akayapima maji kwa jagi. Lita 12. Tangu siku hiyo choo chetu humwagiwa maji yenye harufu ya limau.

Juzi usiku alipiga simu. "Mwanangu, ile mashine inaendelea kuchota?"

"Inaendelea, Mama."

"Na wewe unaendelea kununua?"

Sikupata nafasi ya kumjibu. Langoni honi ilikuwa imeshalia mara moja, na nilikuwa nimevaa ndala moja tu.