Aluminiamu Haishiki Kutu

Yule aliyeniambia kwamba Land Rover haishiki kutu kwa sababu bodi yake ni aluminiamu, popote alipo, tuna kesi. Si kwamba alidanganya. Alisema nusu ya maneno, na nusu iliyobaki imelala hapa mbele ya nyumba yangu Buruburu, juu ya mawe manne, ikimkodolea macho kila apitaye kama ng'ombe aliyekataa kuinuka.

Niliinunua kwa mzee mmoja mstaafu kule Kinangop. Ni Series III, namba zake ni za kabla ya KAA. Kuku walikuwa wakilala kiti cha dereva, na ufunguo ulipatikana chini ya jogoo. Mzee akaniapia kwamba zamani ilimbeba DO, yule afisa wa wilaya. Hapo akili yangu ikafunga duka. Sisi tuliokulia mashambani tunajua kwamba Land Rover haikuwa gari, ilikuwa Serikali. Vumbi lake likionekana ng'ambo ya mto, wapika chang'aa walimwaga mitungi, na wenye madeni ya kodi wakakumbuka wana shangazi mgonjwa mlima wa pili. Nami nikataka, kabla sijafa, vumbi la namna hiyo liwe langu.

Ukweli wa aluminiamu nimeujua baada ya kulipa. Waingereza walilionyesha gari hili kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, Aprili 1948. Vita vilikuwa vimewaacha na chuma cha mgao, lakini aluminiamu ya kuundia ndege ilikuwa tele, basi wakaikata wakalishonea gari nguo. Hata ile rangi ya kijani ya mwanzo ilikuwa mabaki ya rangi ya ndani ya ndege. Kwa lugha ya Gikomba, ni gari lililovalishwa mitumba. Chini ya nguo hiyo chasisi ni chuma, ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva ni chuma, fremu za milango ni chuma. Na pale chuma na aluminiamu vinapolala kitanda kimoja, maji yakaingia katikati, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Haitoi kutu nyekundu, la. Inageuka unga mweupe. Nilikung'uta mkunjo mmoja wa mlango nikapata unga wa kutosha kusonga ugali wa mtu mmoja asiye na njaa sana.

Fundi wa kwanza alikuja na nyundo. Akalala chini ya gari, akaanza kuigonga chasisi huku ametega sikio kama daktari. Ngii. Ngii. Ngii. Pfu. Akanyamaza. Akachukua bisibisi, akasukuma kidogo, ikaingia mpaka mpini. Chasisi ya gari hili ni kama sanduku refu, ina uwazi ndani, na uwazi huo ulikuwa umejaa tope la Kinangop la tangu enzi za huyo DO. Tukatoa karai mbili. Mama Watoto akasema angalau sasa tuna shamba.

"Hii ni kazi ndogo, mkubwa," fundi akasema. "Siku mbili."

Hiyo ilikuwa kabla ya mvua ndefu. Mvua ndefu zimekuja zikaenda.

Lazima niseme jambo kuhusu nyumba zetu. Buruburu ilianza kujengwa miaka ya 1970, na aliyeichora alimwazia karani mwenye gari dogo, anayerudi jioni, anafunga mlango na kusoma gazeti. Hakumwazia mtu mwenye grinda. Kila fundi alipogusisha waya wa kuchomelea, balbu za korti nzima zilipumua. (Korti ndiyo safu yetu ya nyumba zenye geti moja, hakuna hakimu, ingawa wanaotoa hukumu hawakosekani.) Jirani wa mkono wa kushoto aliniandikia kwenye kundi la WhatsApp kwamba Arsenal walipiga penalti runinga yake ikiwa gizani, na je, nitamwambia mwenyewe kama iliingia? Mwingine akasema tetesi ni kwamba nafungua gereji. Mtu ambaye ameongeza vyumba vitatu mbele ya nyumba yake hadi mlango umekaribia kugusa barabara ndiye aliyeuliza kama kuna kibali.

Tukafika kwenye madigadi ya mbele, yaliyokuwa yamebonyea na kupasuka. Fundi akaleta mtungi wa gesi. Sasa, chuma kikipata moto huwa na adabu: kinaiva, kinakuwa chekundu, kinakuonya kabla hakijayeyuka. Aluminiamu haikufunzwa hivyo. Inayeyuka ikifika nyuzi 660, na inafika huko ikiwa na rangi ileile iliyoamka nayo asubuhi. Fundi akakaza moto, akisubiri wekundu.

"Bado, mkubwa."

Nikasogea nione.

"Bado kidogo."

Halafu madigadi yakadondoka, chwa, kama uji uliomponyoka mtoto. Tukaitazama ile sarafu kubwa inayong'aa pale chini. Fundi akasema hiyo aluminiamu ilikuwa feki. Kesho yake simu yake ilikuwa haipatikani.

Kwa kuwa mgonjwa haulizi njia mara moja, nikaenda Kariobangi Light Industries, nikaelekezwa kwa mzee mmoja anayesemekana kuielewa aluminiamu. Alikuja na nyundo ya mbao na mfuko wa ngozi uliojaa mchanga. Akalitembelea gari mara tatu bila kusema neno, halafu akauliza, "Kuna sabuni?"

Nikadhani anataka kunawa. Nikamletea ya maji. Akaikataa. Alitaka ya kipande, ile ya kufulia. Akaipaka kwenye aluminiamu iliyokunjika kama anayepaka siagi, akaipitishia moto polepole, na sabuni ilipobadilika kuwa nyeusi akazima. Akangoja ipoe. Kisha akaiweka kwenye mfuko wa mchanga na kuigonga taratibu, na bati lililokuwa kaidi kama punda likalegea, likamfuata mkono. Sabuni ndiyo saa yake: ikiwa nyeusi, aluminiamu imelainika na haijafika kuyeyuka. Nimesoma hadi chuo kikuu na hakuna aliyewahi kunifundisha jambo zuri kama hilo.

Kwa bahati mbaya ile sabuni ilikuwa na mwenyewe.

"Baba Watoto, sabuni yangu iko wapi?"

"Iko kwenye mlango."

"Mlango upi?"

"Wa nyuma. Wa gari."

Juma hilo nilifua shati zangu mwenyewe. Ndipo pia akanionyesha kwenye simu tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024, magari mamia kwa mamia yamejipanga foleni yakiwania rekodi ya dunia iliyokuwa Ujerumani. Akaniachia niitazame mpaka mwisho. "Yote yanatembea," akasema, akaenda kulala.

Sasa kutu imekwanguliwa, chasisi imewekwa viraka, na nimeipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Vijana wanaochora matatu za njia ya 58 wamepita kunishauri. Mmoja anataka kuchora uso wa mwanamuziki kwenye boneti na kuweka taa za zambarau chini. Nikamwambia nataka kijani kile cha 1948. Akanihurumia kwa macho. "Mzee, hiyo si ni rangi ya ukuta wa dispensari?"

Jumamosi iliyopita akaja kijana wa vyuma chakavu na mkokoteni wake. Nilimwambia haliuzwi. Akasema anaangalia tu. Nami kwa kiburi nikamwambia aangalie vizuri, maana hiyo ni aluminiamu tupu ya ndege, haishiki kutu. Akatoa sumaku mfukoni. Akaigusisha ubavuni, haikunasa. Akaigusisha kwenye boneti, haikunasa. Nikatabasamu. Akaigusisha katikati ya mlango wa dereva, ule ambao mzee wa Kariobangi alikuwa bado hajaugusa.

Ta!

Akaikwaruza rangi kwa ukucha. Ikatoka puti, chini ya puti gazeti, ukurasa wa matangazo ya vifo, na chini ya gazeti mabati ya nyumba, mikunjo yake ikiwa imepigwa nyundo ikalala.

"Huu ni mabati, mzee," akasema kwa upole, kama mtu anayeleta habari za msiba. "Lakini huo ubavu naweza kukupa bei."

Nikamuuliza sumaku ni pesa ngapi. Akasema mia mbili. Tumeelewana mia na hamsini, na tangu jana naipitisha gari zima, kidogo kidogo, nikianzia nyuma.