Matofali ya Punda Wazee

Nimekulia Dar es Salaam nikivaa mitumba, na si ajabu baadhi ya mashati yangu yalianza safari kwenye maduka ya hisani ya Uingereza, yakakosa mnunuzi, yakafungwa belo, yakavuka bahari. Sasa ninaishi Leicester, kwenye chimbuko lenyewe. Mtu angedhani nimepata nafuu, maana nachagua kabla ya soko la Karume. Wapi! Karume unachambua, unavuta mshono, unanusa, unamlaumu muuzaji, kisha mnapatana bei. Huku mfuko umezungushiwa selotepu pande zote, bei imebandikwa, na mkono wako haukaribishwi.

Mfuko wenyewe ulikuwa wa matofali ya LEGO, pauni 8. Ngome mpya aliyoililia mwanangu dukani iliuzwa bei ya matofali ya kuchoma, nauli ya lori ikiwemo. Nikamwomba bibi wa kaunta, anayefanya kazi ile kwa kujitolea, anifanyie 5. Akanieleza kwa upole kwamba fedha zote zinakwenda kutunza punda wazee. Sasa sisi tuliolelewa kwenye "punda afe, mzigo ufike" tutajibu nini? Nikalipa 8 na chenji nikaitia kwenye kopo.

LEGO ina sifa moja ya kweli: tofali la mwaka 1958, muundo wake ulipoombewa hataza Denmark, bado linashikana na lililotoka kiwandani jana. Kwa hiyo kununua la zamani ni akili, mradi liwe LEGO. Tulipoumwaga mfuko juu ya shuka, ilidhihirika kwamba aliyeupanga ana kipaji cha wauza nyanya: nzuri juu, za chini shauri yako. Katikati mlikuwa na matofali bandia, ambayo yakishaingia hayatoki ila kwa meno, kete ya dhumna, kucha ya kubandika, ya waridi, nusu ya kibanio cha nguo, na jino.

"La utoto hili," mke wangu alisema baada ya kulikagua, kama vile hiyo ni afadhali.

Vibinadamu vilikuwemo tele, polisi, mpishi, mfalme na taji lake pembeni. Vyote havina vichwa.

Mama watoto hakutaka kusikia habari za 1958. Vitu vya watu vioshwe kwanza. Watengenezaji wanashauri matofali yaoshwe kwa mkono, maji yasizidi nyuzi 40. Yeye aliyatia kwenye foronya, akapiga fundo, akaitupa mashineni. Fundo lilifunguka mashine ilipoanza kukamua. Jirani wa chini aligonga dari kwa ufagio, halafu akapanda mwenyewe kuuliza kama tuko salama. Fundi aliyekuja kufungua pampu alichomoa tofali jekundu la vinundu 8, akalitazama kiganjani kwa muda, akasema utotoni alikuwa nayo kama hayo. Bei hakupunguza hata senti.

"Mashine yenyewe ilikuwa mbovu tangu zamani," mke wangu akaamua, na kesi ikafungwa.

Wanahisabati wamepiga hesabu kwamba matofali 6 ya namna ile, yote ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765. Mwanangu ana mamia, na kitu alichojenga ni kimoja: zizi. Nilipomuuliza ngome imekwenda wapi, akanishangaa.

"Baba, punda wa yule bibi watalala wapi?"

Yaliyobaki sakafuni huwa nayapata kwa unyayo, alfajiri, gizani, nikienda kutawadha. Plastiki ile haikubali kuvunjika, na kwa mambo ninayoyasema hapo sina hakika kama udhu utatosha.

Nanyi mnaopeleka vitu kwenye maduka ya hisani, Mungu awalipe. Ila kabla ya kuufunga mfuko, inameni mtazame chini ya kochi. Vichwa viko huko.