Matenga Mawili Yaliyopitiliza Hadi Songea

Shemeji yangu wa Mbinga mjini, kaka mkubwa wa mume wangu, alistaafu ualimu lakini ualimu haukumwacha. Watoto wetu wa huku Mbamba Bay wakimwandikia, sharti iwe kwa Kiingereza, la sivyo hajibu. Siku moja binti yetu wa kidato cha kwanza alimwandikia kwamba baba anakausha "fishes". Jibu lilirudi papo hapo: neno hilo halina s, ni "fish", awe mmoja au elfu. Mtoto akalishika hivyohivyo.

Wiki iliyofuata tulipakia matenga matatu kwenye basi la alfajiri, mawili ya usipa mkavu na moja la mbasa wa kubanika, kitoweo cha harusi ya binti wa shemeji. Mtoto akaagizwa amwarifu baba yake mkubwa. Kwa vile s ilishamponza, akaifuta kila mahali: "Receive basket of fish." Idadi hakuitaja.

Basi likapanda milima. Mzee alikuwa stendi na simu mkononi. Konda akamuuliza, matenga mangapi? Moja. Akashushiwa la mbasa, akashukuru, na usipa wote ukaendelea na safari hadi Songea.

Simu za mchana ule zilikuwa moto. Mume wangu analaumu shule, kaka yake analaumu mtoto, mama mkubwa anauliza wageni watakula nini, na mtoto kajifungia chumbani analia.

Nikaenda kukaa naye. Nikamwambia aseme: matenga matatu makubwa yameshushwa. Sikiliza, mwanangu, kila neno hapo limebeba wingi, tena mwanzoni. Kinyanja cha bibi yako nacho ni hivyo: munthu, anthu. Sikio la mtoto huyu limelelewa kuusubiri wingi mlangoni mwa neno, na Kiingereza kinauficha nyuma, herufi moja tu, siku nyingine hakiuweki kabisa. Shule ya msingi yote kasoma kwa Kiswahili. Kaingia sekondari, karibu masomo yote yamegeuka. Mtoto kama huyo siwezi kumwita mzembe. Alisahihishwa bila kuelezwa, ndiyo maana akaenda kukata neno lililokuwa zima.

Na sahihisho lenyewe lina walakini. Waingereza husema "fishes" wanapozungumzia aina mbalimbali za samaki. Mwaka 1935 Ethelwynn Trewavas, mtaalamu wa samaki katika makumbusho ya London, alichapisha uchambuzi wa samaki wa jamii ya perege wa Ziwa Nyasa hilihili letu, na kwenye jina la kazi yake ameandika "fishes". Angeandikaje vingine, kwa ziwa lenye aina mia kadhaa za samaki? Na mume wangu siku ile alikuwa na usipa na mbasa kichanjani, aina mbili.

Nilimpigia shemeji nikamweleza yote hayo, kwa adabu, maana ni mkubwa wetu. Alikaa kimya, kisha akasema, "Mama, nipe huyo mtoto." Waliongea muda mrefu, kwa Kiswahili, na nikasikia mtoto anacheka.

Matenga mawili yalirudi Mbinga na basi la jioni. Nauli ya mzigo aliilipa shemeji.