Jinsi ya Kuilaghai Mvua ya Kigoma Ukiwa na Mkeo

Umeahidi kumtembeza mkeo siku nzima. Umeazima gari la shemeji, umejaza mafuta, na mtaa mzima wa Mwanga umesikia. Sasa ni mwezi wa tatu: asubuhi jua kali, saa nne radi, saa saba jua tena, alasiri upepo wa ziwani unapindua mpaka viti vya mama ntilie. Mpango wako utavunjika. Hilo lihesabu limeshatokea. Kazi iliyobaki ni kuvunjikiwa kwa namna ambayo mwenzako atadhani ulipanga hivyo tangu jana. Sogea nikwambie.

1. Usitaje mahali, usitaje saa. Asiyetaja saa hachelewi, asiyetaja mahali hapotei. Sema tu, "Mama watoto, leo nataka tuzunguke." Basi. Ukiropoka jina la Gombe umejifunga mwenyewe: kule hakuna barabara, ni boti, na ziwa lenye kina cha mita 1,470 halilazimishwi. Gombe iache mpaka kiangazi.

2. Paka grisi mapema. Hapa nisikilize vizuri. Mwaka 1916 Wajerumani waliona Kigoma inawaponyoka, wakaizamisha wenyewe meli yao, Graf von Goetzen. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene. Ikalala majini miaka, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Hao walijua kushindwa! Nawe usiku wa kuamkia safari weka chini ya kiti kanga mbili, chupa ya chai ya tangawizi na karanga zilizofungwa kwenye gazeti. Usimwambie. Mvua ikiwapiga, vitoe kimoja kimoja, bila haraka, kama mtu aliyevikumbuka sasa hivi. Atakutazama kwa jicho ambalo hajakutazama nalo tangu mwaka wa harusi. Na habari ya Liemba yenyewe ni akiba: ukiisimulia polepole, gari limesimama pembeni na vioo vimeshika ukungu, inamaliza mvua nzima.

3. Shati jeupe liache nyumbani. Udongo wetu ni mwekundu, na migebuka ya mchana itakuja na mchuzi wa mawese. Vaa rangi ya mawese yenyewe. Mwenye shati jeupe hushinda akijilinda. Wewe utashinda unakula.

4. Wingu likikaza, kimbilia Ujiji, tena useme ndiko mlikokuwa mnakwenda. Kwenye makumbusho ya Livingstone mna paa, mna sanamu mbili, Livingstone na Stanley wakisalimiana, na mvua ikigonga bati juu hakuna atakayewaharakisha. Wanaume tunapenda kuonekana tunajua, wala sikukatazi. Kariri mwaka mmoja tu, ule waliokutana hapo: 1871. Akikuuliza tarehe, usihangaike. Livingstone alikuwa ameshapoteza hesabu ya siku, na kurasa za siku ile kwenye shajara ya Stanley zilichanwa, kwa hiyo hata wanahistoria wanabishana. Mwaka unakutosha. Mvua ikikatika mtoke mkasimame penye miembe, inayosemwa ni uzao wa ule mwembe wa zamani waliokutania chini yake. Itakuwa bado inadondosha matone. Kanga ya kwanza itoe hapo, umfunike mabegani. Usijifunike wewe.

5. Utabiri wa hali ya hewa uibe Katonga. Simu yako itakwambia "mvua kiasi", neno lisilomsaidia mtu. Nenda ufukweni ukawatazame akina mama wa dagaa. Usiku wanaume wamevua kwa taa, gizani, mwezi ukiwa haupo. Asubuhi dagaa wameanikwa, wanang'aa mchangani kama vipande vya bati. Sasa usitazame mbingu. Tazama mikono. Mama akiinama kuwageuza taratibu, huku anaongea na jirani yake, una saa nzima ya jua: nunua muwa, tembeeni. Mazungumzo yakikatika, mama mmoja akanyoosha mgongo na kugeuza uso upande wa Kongo, anza kurudi garini. Akiita watoto na kuanza kuanua, funga vioo. Hawa hawakosei ovyo, kwa sababu dagaa wakilowa ni usiku mzima wa kazi umeoza, ada ya mtoto imeoza nao. Wewe ukikosea unalowa nguo tu.

Kwa hiyo ukishaiba utabiri, ulipie. Shuka garini, ushike pembe moja ya turubai, uanue pamoja nao. Mikono itanuka dagaa mpaka kesho, na mkeo ndiye atakayetangulia kuchota, maana yeye anajua kazi kuliko wewe. Mvua ikishuka mtakuwa wote chini ya kibanda kimoja, mmebanana na akina mama, mnacheka, na hakuna atakayekumbuka kwamba hamkufika popote. Ukiondoka nunua dagaa pale pale, tena usiombe upunguziwe.

6. Mkichelewa, tumia jua. Hii ndiyo njia ya mkato niipendayo kuliko zote. Saa zetu ni moja na Dar es Salaam, lakini sisi tuko magharibi kabisa, kwa hiyo jua la Kigoma linachelewa kuzama kwa dakika kama arobaini. Ukimwahidi kwamba mtaona machweo, una nafasi ya kukwama tope, kujikwamua, kunywa chai iliyobaki na bado ukafika. Egesha uso wa gari ukitazama maji. Baada ya mvua hewa inakuwa safi, na milima ya Kongo inasogea kana kwamba ungeweza kuiita. Toa kanga ya pili, itandike. Zima simu. Akisema, "Kumbe ulikuwa umepanga vizuri hivi," usikatae, usikubali, mmiminie chai.

Mwezi wa tatu jua linazama saa moja na dakika chache. Asubuhi osha gari la shemeji kabla ya kulirudisha.