Sifa za Ukata

Wamesifiwa wafalme waliokuwa madhalimu, wakasifiwa matajiri waliokuwa mabahili, hata punda na paka wamepata watunzi wao; lakini Ukata, ambaye huingia bila hodi katika nyumba ya kila mtumishi wa mshahara kabla mwezi haujafika nusu, hajapata bado mtu wa kumtolea shukurani. Leo naichukua faradhi hiyo kwa niaba ya aila za Handeni na Korogwe, ambazo kila likizo ya Juni hukingwa naye na hatari kubwa ya kustarehe.

Hatari yenyewe ni hii. Huko Dar es Salaam, Kunduchi na Kigamboni, viko viwanja vya michezo vyenye mabwawa na mifereji ya kuteleza, na watoto wa mwalimu wa Korogwe wameviona katika simu ya jirani. Ombi lifikapo, baba mwepesi wa moyo angelikubali; bali Ukata huketi ubavuni pake, akamsaidia kuandika: nauli ya watu watano kupita Segera, Mkata na Chalinze, kwenda na kurudi; nyumba ya kulala wageni, kwa kuwa shemeji mwenye chumba Mbagala amekwisha kupata wageni wengine; kiingilio cha kila kichwa; kisha chipsi na soda za ndani ya uzio, ambako bei haina udugu na bei ya sokoni. Mstari wa jumla ukipigwa, mtoto wa darasa la tano huwa amejifunza hesabu ambayo hataisahau maishani.

Wala asidhani mtu kwamba ihsani hii ni yetu peke yetu. Disneyland ilipofunguliwa huko California, Julai 1955, mtu mzima aliingia langoni kwa dola 1, michezo ikalipiwa mbali. Siku hizi tiketi ya siku moja yapita dola 100, na baadhi ya wazazi wa Marekani wenye kazi za heshima hukopa ili watoto wao wapigwe picha na panya. Dola 100 ni takriban nusu ya kima cha chini cha shilingi 500,000 kwa mwezi, kilichotangazwa kwa watumishi wa umma Mei Mosi 2025. Sisi Ukata ametuepusha na deni la panya, maana mikopo yetu imekwisha kwenye ada na mabati.

Handeni ndiko anakostahili taadhima zaidi. Mji ule huletewa maji kwa bomba kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe, na bomba likinyamaza, ndoo na madumu ya njano hupanga foleni tangu alfajiri, wenyewe wakienda kutafuta kivuli. Fikirini fedheha ambayo ingempata mtoto wa foleni hiyo, kulipa fedha ili atumbukizwe katika maji mengi ambayo hayachotwi wala hayapikiwi! Ukata amemsitiri. Mwenzake wa Korogwe anao mto wenyewe, usio na kiingilio, ingawa mamba wake nao hawana saa za kufunga.

Tena Ukata ni mlezi wa mafundi. Mtoto aliyenyimwa safari huchonga kigari cha mti, akayapaka magurudumu oili chafu, akashuka nacho mteremkoni, breki ikiwa ni kisigino cha kandambili. Gharama yote ni kaptula, nayo hutiwa kiraka.

Wapo watakaonena kwamba asiyeweza kwenda hana haki ya kuuita unyonge wake hekima, na kwamba mwalimu aliyefundisha miaka ishirini alistahili siku mbili za kucheka na wanawe. Nawajibu kwamba wasemao hivyo wana haki, na kwa sababu hiyo mapenzi yangu kwa Ukata yana mpaka. Halmashauri za Handeni na Korogwe zikitenga kila moja kiwanja chenye miembe ya kivuli, bembea madhubuti na bomba la maji ya kunywa, pasiwe na mlinzi wa kudai tiketi, nitamkana hadharani siku hiyo hiyo. Waheshimiwa madiwani, pimeni kiwanja.