Hotuba ya Bingwa wa Uzazi Asiyewahi Kubeba Mimba

Wazee waheshimiwa, akina mama, na ninyi vijana mliobana mlangoni mkitafuta upenyo wa kutoroka: tulieni. Anayewahutubia ni Profesa, cheo nilichojitunuku baada ya vyuo vikuu kuzembea.

Mada yetu: nani aliyepunguza watoto Nyeri na miji yote ya Mlima Kenya? Jibu nilikuwa nalo kabla ya kuanza utafiti, na hiyo ndiyo dalili ya kipaji. Ni uongozi thabiti wa wanaume!

Ushahidi wa kwanza ni serikali. Mwaka 1967 Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa wa uzazi wa mpango, ikazitangulia nchi zote za kusini mwa Sahara. Wanaume wenye tai walitia saini. Miaka kumi baadaye mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa wastani wa watoto 8. Naam, saini zilikuwa bado zinakauka.

Ushahidi wa pili ni ardhi. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliunganisha vipande vya mashamba na kuwapa wenyewe hati. Sasa chukueni mzee mwenye ekari sita na wana sita. Kila mwana ekari moja. Mjukuu ataambulia mistari miwili ya kahawa na kesi ya mpaka. Baba aliliona hilo, akakimbilia mahakamani. Mama aliliona pia, akaenda kliniki. Mimi humhesabia ushindi baba, maana ndiye aliyepiga kelele.

Ushahidi wa tatu ni karo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wazazi waliongezewa mzigo wa gharama za shule, na mwaka 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka. Wakati huo wasichana walikuwa wamesoma, na wahudumu wa Hospitali ya Chogoria, hukuhuku Mlima Kenya, walikuwa wakipita vijijini na vidonge, nyumba kwa nyumba. Mama akapandisha mkono wa sweta, akadungwa sindano ya miezi mitatu, akajitwika kiondo chake akaenda sokoni. Mume alikuwa tayari kabisa kuongoza, ila hakuna aliyemwarifu safari imeanza.

Mtauliza: na mila je? Desturi yetu inataka mvulana wa kwanza aitwe jina la babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao. Hapo ni watoto wanne hata kabla ya kupenda. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta Kirinyaga, kaunti ya hapahapa Mlima Kenya, wastani wa watoto 2.3 kwa mwanamke, wakati wa nchi nzima ulikuwa 3.9. Wazee wawili hivi kwa kila familia wamekosa wajina, na hakuna mwanamke aliyeniomba ushauri!

Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyojipa, naungana na wanasiasa wanaolilia kura za kesho: akina mama, zaeni zaidi! Ninyi mnaouliza nani atalipa karo na shamba litatoka wapi, ketini. Hayo si ya fani yangu. Aliyeyapigia hesabu miaka yote hii ni mama, na hesabu yake ndiyo iliyoamua.