Namna ya Kuvuna Machapisho Kwenye Banda la Kuku

Ndugu mhadhiri unayeutamani uprofesa kabla ya kustaafu, tulia. Huna haja ya kugundua dawa mpya. Wanaozigundua ni wachache na wanachoka mno. Unachohitaji ni banda la kuku, pakiti ya antibayotiki na mwenye banda asiyejua kumfukuza mgeni.

1. Chagua mada isiyoisha

Usugu wa vimelea dhidi ya dawa ni mada yenye baraka: tatizo likikua, na mafungu ya utafiti yanakua. Utangulizi upo tayari. Anza na Alexander Fleming, ambaye mwaka 1945, akipokea Tuzo ya Nobel, alionya kwamba penisilini ikitumiwa kwa dozi pungufu itazoesha bakteria kuishi nayo. Ingia kwenye makadirio yaliyotolewa 2015: mwaka 2010 mifugo duniani ilitumia zaidi ya tani 63,000 za antibayotiki. Malizia na yale ya 2022: usugu huo uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 mwaka 2019. Msomaji akishaanza kutetemeka, mshushe Morogoro.

2. Andaa dodoso refu, lenye visanduku vidogo

Muulize mama mwenye kuku kama anajua kwamba baada ya kutoa dawa kuna siku za kusubiri kabla ya kuuza mayai. Anajua. Anajua pia kwamba ada ya mtoto haisubiri. Jaza: "Maarifa: mazuri. Vitendo: vibaya." Hapo una makala.

Usikubali akuvute hadi kwenye chombo cha maji. Akikuvuta utaona maji yamekuwa ya njano kwa unga wa oksitetrasaiklini, na kuku pembeni shingo zimepinda kwa mdondo. Mdondo ni ugonjwa wa kirusi, antibayotiki haikigusi. Kinga yake ni chanjo, hata ile ya tone la jicho. Mama atakueleza mwenyewe: kichupa cha chanjo ni cha kuku wengi kuliko alio nao, kinataka ubaridi, na kikishafunguliwa hakiwekwi akiba. Pakiti ya unga ipo dukani, njia panda, na muuzaji anakopesha. Huo ndio utafiti wenyewe umesimama mbele yako, lakini dodoso halina kisanduku chake. Geuza ukurasa.

3. Sampuli moja, makala tano

Chukua usufi, otesha *Escherichia coli*, panga vidonge vya karatasi vyenye dawa kwenye sahani, kesho yake shika rula. Kwenye tetrasaiklini utakuta bakteria wameota hadi ukingoni mwa kidonge, bila hata milimita moja ya heshima. Shtuka kitaalamu.

Sasa gawa. Makala ya kwanza, kuku wa nyama. Ya pili, wa mayai. Ya tatu, mbolea yao. Ya nne, jeni za bakteria walewale. Ya tano ni mapitio ya zile nne, yanayogundua kwamba matokeo yake yanafanana ajabu.

4. Panga majina kwa hekima

Mkuu wa idara aliyetia saini fomu ya gari ni mwandishi mwenza. Rafiki aliyekuweka kwenye makala yake naye umweke. Nipe nikupe haijawahi kuvunja kanuni inayosomwa. Fundi sanifu aliyekuja Jumapili kutoa sahani kwenye inkubeta ashukuriwe mwishoni, kwa herufi ndogo.

5. Jirejelee bila haya

Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo kiitwacho h: ukiwa na makala kumi, kila moja imerejelewa angalau mara kumi, h yako ni 10. Hakukukataza wewe mwenyewe kuanza kujirejelea. Asiyejisifu, wenzake wakishughulika na h zao, atasifiwa na nani?

6. Pokea mialiko

Barua pepe itafika usiku ikikuita "mtaalamu mashuhuri" na kukualika kwenye jarida la upasuaji wa meno. Usiulize kuku wana meno mangapi. Tathmini ni siku nne, malipo ni kwa dola.

7. Hitimisho

Nakili: "Wafugaji wapewe elimu. Utafiti zaidi unahitajika." Usitaje nani atawapa, lini, wala kwa nauli ya nani. Ukitaja, mtu anaweza kwenda kweli, na tatizo likipungua utaandika nini?

Tahadhari

Siku moja yule mama atakuuliza sokoni: "Daktari, yale majibu ya kuku wangu yako wapi?" Kuna watafiti dhaifu ambao hapo huvunjika moyo. Hurudi kijijini na karatasi moja ya Kiswahili: mdondo hautibiwi kwa unga wa njano, jirani kumi wakichangia kichupa kimoja wanachanja siku moja, mayai ya siku za dawa yasiuzwe. Kuku wanasalimika, dukani unga unalala.

Usiwaige. Karatasi hiyo haina namba ya jarida, hairejelewi na mtu, na kamati ya kupandisha vyeo haina safu ya kuiandika. Mjibu mama kwamba majibu yapo mtandaoni, kwa Kiingereza, na kuyasoma ni dola kadhaa tu. Kisha mwombe namba ya simu: mwakani kuna dodoso jingine.